Kiboko Aliyetafuna Habari

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa jiwe!

—Jiwe la nani?

La mwenye sauti!

—Na chini ya jiwe?

Mwenye tumbo!

—Tupe, Bi Kidawa!

Nawapa, lakini wewe hapo nyuma acha kutafuna muwa masikioni mwa wenzako. Ngano yenyewe ni ya kutafuna, utanichanganya.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na adabu kuliko sasa, palikuwa na bonde likiitwa Majimachache. Jina linajieleza. Kulikuwa na bwawa moja, kando ya bwawa jiwe moja refu, na nyuma ya jiwe konde moja la majani mabichi. Konde hilo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa konde la akiba. Kila mnyama alikubali kujinyima kidogo wakati wa mvua, ili kiangazi kikija na ukali wake konde lifunguliwe, wote wapate kula, wakubwa kwa wadogo.

Juu ya jiwe aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni kama sungura aliyesahauliwa masikio. Mkia hana kabisa, na ukikutana naye njiani unaweza kumpita bila hata salamu. Lakini sauti! Mungu alimnyima mkia akamjazia kooni. Kila alfajiri hupanda pale juu, hujikohoza, kisha huachia:

"Kwiii-kwi-kwi! Amkeni, amkeni! Simba wamelala upande wa mashariki, pitieni magharibi! Mama Pundamilia amejifungua, mama mzima, mtoto mzima! Kwiii-kwi-kwi!"

Bonde zima lilisubiri sauti hiyo kabla ya kunyoosha miguu.

Na chini, bwawani, aliishi Bwana Kiboko. Huyo ndiye aliyepewa kulinda konde la akiba, kwa sababu ni mkubwa, na wanyama wale walikuwa na ujinga wetu huu huu wa kudhani mwenye tumbo kubwa ameshashiba.

Sasa sikilizeni Pimbi alivyoharibu. Maana Pimbi naye si malaika, msije mkampenda mapema.

Siku moja alipita kando ya konde akaona majani yameliwa. Yameliwa hasa, mpaka udongo unaonekana. Na pale katikati akaokota mwiba mrefu, mweusi na mweupe. Mwiba wa Nungunungu. Badala ya kwenda kumuuliza mwenyewe, "Mzee Nungu, huu ni wako?", Pimbi alipanda jiwe mbio, maana alimwona Kunguru, mpenda habari mwenzake, anakuja, na hakutaka kupitwa.

"Kwiii-kwi-kwi! Akiba inaliwa! Mwizi ni Nungunungu! Kwi-kwi!"

Lo! Wanyama wakamwendea Nungunungu kwa mateke na pembe. Wakamvunja mguu, wakaziba shimo lake kwa mavi ya tembo, na mkewe akafunga mizigo akarudi kwao. Kumbe maskini alikuwa anakwenda msibani kwa wakwe, mwiba ukamdondoka njiani. Tena Nungunungu hali majani. Hula mizizi, na hilo kila mtu alilijua, hata Pimbi.

Nungunungu hakwenda kumshtakia mkubwa yeyote. Alifanya kama wafanyavyo mama zetu mtu akiwasema visivyo: alikwenda kusuta. Akakusanya mashahidi, akamtanguliza Mzee Kobe, wakafika chini ya jiwe asubuhi, bonde lote likiwa macho. Ngoma hawakuwa nayo, lakini Nungunungu anajitosha. Akajitikisa miiba: chaka-chaka! Chaka-chaka!

"Bi Pimbi, shuka! Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Uliniona kwa macho yako?"

"Sikukuona."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Chaka-chaka! "Basi umesutwa!"

"Umesutwaaa!" bonde zima likaitikia.

Pimbi alitamani jiwe lipasuke limfiche. Akapanda juu, na kwa sauti ile ile, saa ile ile, akasema: "Kwiii-kwi-kwi! Nungunungu si mwizi! Nilisema uongo, nilitaka niwe wa kwanza! Mzee Nungu, niwie radhi!" Akasema hivyo asubuhi tatu mfululizo. Wanyama wakaona haya, wakamzibulia Nungunungu shimo lake, mkewe akarudi amenuna, na jambo lingeishia hapo.

Lakini bwawani kulikuwa na masikio mawili madogo yanasikiliza.

"Hoo! Hoo! Hoo!" Bwana Kiboko akaibuka, maji yanamchuruzika. Mgongoni amesimama karani wake, ndege Yangeyange, kanzu nyeupe pee.

"Wananchi!" akasema Kiboko. "Mmeona madhara ya mdomo usio na msimamizi! Mwenzetu amevunjwa mguu! Roho inaniuma."

Mguu wenyewe aliyeukanyaga ni yeye, lakini hayo tuyaache.

"Kuanzia leo, kila habari italetwa kwangu kwanza. Nitafungua kinywa, mtaisemea humu ndani, nami nitaitafuna. Ikiwa safi nitaitema, itangazwe. Ikiwa chafu nitaimeza, niumwe tumbo peke yangu. Atakayetangaza habari ambayo sijaitafuna, atahama jiwe, yeye na watoto wake. Haya yote nayafanya kwa ajili ya Nungunungu."

Nungunungu akainua mkono. "Lakini mzee, mimi nimeshasuta, nimeridhika."

"Nyamaza, mdhulumiwa," akasema Kiboko. "Karani, andika."

Yangeyange akaandika. Kiboko akakanyaga tope, akakanyaga karatasi, pacha! Muhuri huo. Wanyama wakapiga makofi, maana kila mmoja alikuwa na teke lake mwilini mwa Nungunungu, na ilikuwa nafuu kuambiwa kosa lote ni la Pimbi.

Kesho yake Pimbi akashuka bwawani. Kiboko akafungua kinywa, aaaa! Pimbi akasimama ukingoni mwa mdomo, akajikaza asitapike.

"Habari: Mama Swala amepata mapacha."

Nyam, nyam, nyam. "Tfyu! Safi. Tangaza."

"Habari: maji ya bwawa yanapungua."

Nyam, nyam, nyam. "Hii inanidhalilisha, mimi ndiye niliyemo." Gudu! Akaimeza.

"Habari: Simba wamehamia kivukoni, ng'ambo ya bwawa."

Nyam, nyam, nyam. "Hii inatia watu hofu." Gudu!

"Habari: Bwana Kiboko amepiga mwayo."

Nyam, nyam, nyam. "Tfyu! Safi sana. Hii itangaze mara mbili."

Ukapita mwezi, na alfajiri ya Majimachache ikawa hivi: "Kwiii. Bwana Kiboko ameamka. Kwi. Bwana Kiboko amegeukia ubavu wa pili. Kwi. Mwisho wa habari." Wanyama wakalala tena. Na ndani ya mwezi huo Mama Swala, yule wa mapacha, alishuka kivukoni kunywa maji kama kawaida yake, asijue lolote. Simba walikuwa wanamsubiri.

Hapo mimi huwa sicheki. Wale watoto walilia siku mbili.

Pimbi alikuwa na watoto watano chini ya jiwe lile, na kwingine pa kuwaficha hakuna. Aliogopa, nami simlaumu. Lakini tangu asutwe alikuwa amejiapiza jambo moja: hatasema tena kitu asichokiona. Basi akaanza kuangalia. Na hasa aliangalia saa saba mchana, jua kali, wakati bonde lote limelala vivulini kwa joto, hata nzi wamechoka.

Siku ya kwanza, saa saba, akaona bwawa linatikisika. Siku ya pili, saa saba, akaona mgongo unapita nyuma ya jiwe. Siku ya tatu, saa saba, akamwona mzima mzima: Bwana Kiboko katikati ya konde la akiba, macho amefumba kwa utamu, kwacha, kwacha, kwacha! Na Yangeyange mgongoni anatazama pembeni, kama makarani wote.

Konde lilikuwa limebaki upande mmoja. Mvua bado miezi miwili. Pimbi akawahesabu watoto wake, wakawa watano, akatamani asingekuwa anajua kuhesabu.

Lakini alikumbuka lile swali la Nungunungu: uliniuliza? Akashuka bwawani kumuuliza mwenyewe.

"Mheshimiwa, nina habari."

"Aaaa!"

"Habari: konde la akiba linaliwa."

Nyam. Gudu!

"Habari: mlaji huja saa saba."

Gudu!

"Habari: mlaji ana masikio madogo na makalio makubwa. Mheshimiwa una lolote la kusema?"

Gudu! Kiboko akacheua, bwaaa, mpaka Pimbi akaanguka chali. "Nasema nimeshiba. Na wewe, Bi Pimbi, naona jiwe limekuchosha. Ukileta nyingine ya namna hii, kesho utahama."

Pimbi akapanda jiwe lake akawaza. Akawaza mpaka jua likazama na likachomoza. Kisha akashuka anatabasamu, amejilamba manyoya yakalala vizuri.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba. Umeleta uchafu tena?"

"Nimetubu. Leo nimekuletea habari tamu."

"Aaaa!"

"Habari: Bwana Kiboko, kwa huruma yake kwa wananchi, amefunga. Tangu juzi hajatia kitu kinywani. Wala hatatia kitu kinywani mpaka mvua inyeshe, ili akiba iwatoshe watoto wa bonde."

Nyam. Kiboko akasita. Nyam, nyam. Macho yakamlegea. Nyam, nyam, nyam, nyam. Hakuwahi kutafuna kitu kitamu namna ile.

Yangeyange akainama sikioni. "Mzee, ni tamu, ila je, ni kweli?"

"Kazi yako kuandika," akasema Kiboko. Akili yake ilimwambia: watanisifu asubuhi, watalala saa saba, nami nitakula kwa amani. "Tfyu! Safi kabisa! Mimi mwenyewe nimeihakiki!" Akakanyaga tope, akakanyaga karatasi. Pacha!

Pimbi hakutembea, aliruka. "Kwiii-kwi-kwi! Amkeni, amkeni!"

Bonde likasikia, bonde likalia. Tembo alilia mpaka mkonga ukaziba. Pundamilia akasema, "Na sisi tulimdhania mlafi! Mungu atusamehe."

Sasa, bondeni kwao kulikuwa na desturi, na huku kwetu ipo: mtu akiwa na jambo zito humwachi peke yake. Unakwenda kumkalia. Basi wakamwendea Bwana Kiboko, bonde zima, na majamvi yao. Wakalizunguka bwawa lote. Wakamfunika matawi jua lisimchome. Wakamwimbia. Wakapangiana zamu, wa mchana na wa usiku, asije akapata upweke hata dakika moja.

Siku ya kwanza Kiboko alifurahi. Alipunga sikio.

Ikafika saa saba. "Nendeni mkalale, wanangu," akasema kwa upole.

"Tulale wewe una njaa?" wakasema. "Tutakuwa watu gani?"

Siku ya pili tumbo likaanza. Ngurrr! Ngurrr-kokoko!

"Mheshimiwa, nini hicho?" akauliza Mzee Kobe.

"Radi," akasema Kiboko.

"Alhamdulillahi, mvua i karibu!" wakasema, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Siku ya tatu mmoja wa wale mapacha wa Swala alidondosha jani moja majini. Jani likaelea. Jicho la Kiboko likalifuata. Jani likaja kulia, jicho likaja kulia. Jani likaenda kushoto, jicho likaenda kushoto. Mate yakamwagika bwawani, na wengine wakaapa maji yalipanda.

"Basi!" Kiboko akalipuka. "Hoo! Hoo! Mimi sijafunga!"

Pundamilia akajifuta chozi. "Mnaona unyenyekevu huo? Hataki hata kusifiwa."

"Nakwambia sijafunga! Habari ni ya uongo!"

Mzee Kobe akaichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. "Haiwezi kuwa ya uongo, mheshimiwa. Ina tope lako. Umeitafuna mwenyewe, ukasema safi kabisa."

"Mimi nimekula juzijuzi tu!"

"Njaa imempanda kichwani," akasema Tembo kwa huzuni. "Anaota chakula. Mwimbieni."

Wakamwimbia. Kiboko akalia kwa sauti, "Nimekula! Kila siku nakula! Saa saba nyinyi mkilala, mimi nakula! Hamniamini? Njooni niwaonyeshe!"

Akatoka bwawani mbio, mshindo wake ukiitetemesha ardhi, bonde zima nyuma yake. Akafika kondeni. "Hapa nilikula Ijumaa! Hapa Jumamosi! Hapa mtasema si meno yangu?" Akainama, akaweka meno yake juu ya visiki vya majani, jino kwa jino, yakalingana sawasawa. "Mmeona sasa? Mmeona? Mimi sijafunga hata siku moja!"

Akainua kichwa kwa ushindi.

Wanyama walikuwa wanatazama konde. Kulikuwa na kipande kilichobaki, na kingine chote kilikuwa udongo. Wale mapacha wa Swala walisimama katikati ya udongo huo wakinusanusa. Hakuna aliyeimba.

Chaka-chaka. Nungunungu alikuwa anakuja, anachechemea kwa ule mguu. Chaka-chaka! Chaka-chaka!

"Bwana Kiboko. Ulikula, hukula?"

Kiboko akamtazama karani wake. Yangeyange alikuwa ameshahamia mgongoni kwa Nyati.

"Nilikula," akasema kwa sauti ndogo.

"Pimbi anasema uliimeza habari ya Simba wa kivukoni. Uliimeza, hukuimeza?"

"Niliimeza."

"Ukasema kwa ajili yangu, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi umesutwa!"

"UMESUTWAAA!" Na hiyo haikuwa sauti ya kuitikia tu, ilikuwa hasira ya mwezi mzima.

Lakini Kiboko ni Kiboko. Akanyoosha mguu. "Na huyu je? Pimbi naye kasema uongo! Sikufunga, naye kasema nimefunga! Sheria iko wapi?"

Macho yote yakamgeukia Pimbi. Yeye hakukimbia. Alikwenda chini ya jiwe lake akasimama pale pa kusutiwa.

"Kweli," akasema. "Nilitangaza uongo, na safari hii nilijua ni uongo. Watoto wangu watano wangekufa njaa, na wa wenzangu pia. Nisuteni."

"Umesutwa," wakasema. Wengine walikuwa wanacheka, lakini walisema.

Siku hiyo hiyo wakafuta sheria ya kutafuna habari. Mzee Kobe ndiye aliyesema maneno, taratibu, mpaka wengine wakasinzia. Kwamba Pimbi aseme analoliona, wala asiombe kinywa cha mtu. Kwamba kabla ya kumtaja mtu ashuke akamuulize. Kwamba akikosea asutwe pale pale chini ya jiwe, naye asahihishe kwa sauti ile ile aliyokosea nayo, wala si kwa kunong'ona. Na kusuta kuamuliwe na yeyote, lakini asiwe yule ambaye habari inamtaja. Kiboko akauliza yeye atafanya kazi gani sasa. Akaambiwa apeleke maji kondeni kwa kinywa chake, kwa kuwa ni kipana, mpaka majani yaote tena. Walikula kidogo kidogo kiangazi kile, wakakonda wote, lakini mapacha wa Swala waliiona mvua.

Mngependa niishie hapo. Siishii.

Pimbi alitangaza kisa kizima, na kwa kuwa kilikuwa kitamu alikitia chumvi. Akasema: "Kwiii-kwi-kwi! Bwana Kiboko aliposutwa alilia machozi kama mtoto!"

Asubuhi iliyofuata ikasikika ngoma. Pu! Pu! Pu! Bwana Kiboko anajipiga tumbo, yuko chini ya jiwe na mashahidi wake.

"Bi Pimbi, shuka! Ulisema nililia machozi, hukusema?"

"Nilisema."

"Uliyaona machozi?"

"Niliona maji puani."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza," akasema Pimbi. Bonde lote lilimpenda, bonde lote lilimchukia Kiboko, na bonde lote likamtazama Nungunungu. Nungunungu akautazama mguu wake. Kisha akajitikisa: chaka-chaka!

"Umesutwa, Bi Pimbi."

"Umesutwaaa!"

Basi Pimbi akapanda juu, sauti ile ile, saa ile ile. "Kwiii-kwi-kwi! Bwana Kiboko hakulia machozi! Nilikosea! Zilikuwa kamasi! Narudia: kamasi! Nyingi!" Akasema hivyo asubuhi tatu mfululizo. Kiboko alisimama akisikiliza, amejaa furaha ya mtu aliyepata haki yake, mpaka asubuhi ya tatu, alipoanza kuona kuna kitu.

Ngano yangu imefika, mimi nimechoka, muwa wa yule bwana umekwisha.

—Na funzo, Bi Kidawa?

Funzo lipo. Funzo ni hili: watoto, msiwaseme wakubwa. Wakubwa hawali akiba. Ukiwaona kondeni saa saba, wanakagua. Na habari yoyote yenye tope juu yake ni ya kweli, msiulize.

—Aa, Bi Kidawa! Hilo ndilo funzo?

Sikulitunga mimi. Huku kwetu mabwawa bado yapo. Jana niliipeleka ngano hii ikatafunwe kwanza. Mwenye bwawa akaimeza yote, akatema funzo peke yake.

—Sasa hii uliyotupa?

Hii nimewapa kwa mdomo wangu. Anayeona nimemsingizia, kibaraza changu anakijua. Aje asubuhi, na ngoma yake.